Chumvi ya Msiba Mlangoni kwa Baba

Baba yangu, Isokawa Tamotsu, haamini hata kivuli chake. Nasema hivyo nikiwa binti yake wa pekee, na sioni sababu ya kumpaka mafuta. Alikuwa mkaguzi wa tiketi katika kituo cha treni hapa kwetu Koriyama tangu ujana wake mpaka zilipoletwa mashine, naye akaambiwa akapumzike. Mpaka leo anaamini mashine zile zinaibiwa na watu wanaoruka lango bila tiketi. Wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakijaribu kupita na pasi za kaka zao walimwogopa kuliko polisi. Alikuwa akisema machale humcheza kwenye bega la kushoto, na likishacheza basi hakosei.

Kukosea alikuwa akikosea sana, ila nyumbani nani angemwambia?

Alipostaafu, lile lango la kituoni akalihamishia nyumbani. Muuza tofu, ile jibini ya soya, akija, baba anakipima kipande kwa jicho na kuuliza mbona leo kimenywea. Simu ikilia mara moja na kukatika, kuna mtu anachungulia kama tupo. Gesi anaifunga, anarudi kuihakikisha, halafu anarudi kuhakikisha kama aliihakikisha. Mama alipokuwa hai alikuwa akimcheka mpaka anajifuta machozi, na kicheko kile kilikuwa kinampunguza makali. Mama alipofariki, hakubaki mtu wa kumcheka, na shaka zikaota nyumbani kama ukungu bafuni.

Mwathirika mkuu alikuwa Bi Morisue wa nyumba ya jirani. Siku moja ya taka za plastiki, ambazo huku hazichanganywi na nyingine, mfuko mmoja ulikutwa na makopo ndani yake, na watu wa mtaa wakaurudisha mlangoni kwetu. Baba akala kiapo kwamba Bi Morisue ndiye aliyeupachika pale. Ushahidi? Bega la kushoto. Tangu siku ile hawakusalimiana tena, na katika mtaa mwembamba kama wetu, ambako ukipiga chafya jirani anakuitikia, kutosalimiana ni kazi nzito inayotaka bidii ya kila siku.

Mimi nilirudi kwa baba na binti yangu Nazuna baada ya ndoa yangu ya Osaka kuvunjika. Alitupokea kwa supu ya miso ya moto na maswali. Mtakaa mpaka lini? Mmefuatwa? Yule mwanamume ana ufunguo wa hapa? Nilimjibu yote huku nimeuma meno. Nazuna hakujibu lolote, kwa sababu Nazuna alikuwa ameacha kusema. Alikuwa na miaka sita, na masikio na ulimi wake vyote vilikuwa vizima. Alikuwa anatikisa kichwa tu, ndiyo au hapana, na shuleni vilevile. Mwalimu wake alinishauri nimpe muda. Nilimpa muda, lakini kila jioni nilipompangia chakula na kukaa mbele ya ule ukimya wake, nilihisi nimempotezea mtoto sauti yake na sijui niliiangusha wapi.

Basi kiangazi kikaja, na sikukuu ya hekalu. Huku Koriyama umezungukwa na mabwawa ya samaki wa dhahabu kila upande, hata vifuniko vya mitaro barabarani vimechorwa samaki wa dhahabu. Lakini kwetu hakujawahi kuingia hata mmoja. Baba alikuwa na msimamo wake: kiumbe kisichotoa sauti huwezi kujua kinapanga nini. Alipokuwa akiyasema hayo mbele ya Nazuna, nilimkata jicho.

Kwenye kibanda cha mchezo wa kuvua samaki wa dhahabu Nazuna alichuchumaa na kile kiwavu cha karatasi cha kuwachotea. Kikalowa, kikapasuka kabla hajapata kitu. Mwenye kibanda akamchotea wawili wa bure, kama wanavyofanyiwa watoto wote wanaokosa, akamtilia kwenye mfuko wa nailoni wenye kamba. Njia nzima ya kurudi baba alikuwa nyuma yetu akinung'unika.

"Kwa nini atoe bure? Mtu hatoi bure kitu kizima. Hao ni wagonjwa, Chizuru. Kaona sisi ndio wajinga."

Nyumbani tulilichukua bakuli la kioo la mama la matunda, tukajaza maji ya bomba, tukawamwaga samaki humo kwa mkupuo mmoja pamoja na maji ya mfuko. Nazuna akawafikichia mkate. Wakala, akawaongezea. Halafu akaweka kidevu mezani, akasema kwa sauti ndogo iliyokwaruza, "Huyu ni Ume. Huyu ni Mame."

Nilikwenda jikoni, nikafungua maji ili wasinisikie, nikalia juu ya vyombo.

Asubuhi Mame alikuwa amelala ubavu juu ya maji. Maji yenyewe yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Nazuna alisimama pale na nguo zake za kulalia, wala hakulia. Baba alizunguka bakuli mara kadhaa, mikono mgongoni, akianza upelelezi. Kwanza alimshtaki mwenye kibanda. Halafu aliniuliza mimi kama nililiosha bakuli kwa sabuni. Mwisho akatazama dirishani, upande wa nyumba ya jirani, na nikaona mkono wake unasugua bega la kushoto.

"Hilo dirisha lilikuwa wazi jana," akasema.

Mbele ya nyumba yake Bi Morisue alikuwa na mtungi mpana wa udongo, na ndani yake samaki wa dhahabu wanene kama kiganja, ambao nimewaona pale kiangazi baada ya kiangazi. Mchana ule, nikianika nguo, nilimsikia akiongea kwenye ua.

"Wewe mtoto wa Chizuru. Mbona umenuna kama umelamba limau?"

Nikajua hatajibiwa. Nilishika shati lililolowa, nikangoja.

"Mame amekufa," Nazuna akasema.

"Pole. Mame ni paka?"

"Samaki."

"Mlimweka kwenye nini?"

"Bakuli."

"Maji ya wapi?"

"Bomba."

"Basi mlimwogesha kwenye dawa, mwanangu. Ile klorini inayowaulia watu vijidudu, samaki inamchoma mashavu anayovutia pumzi. Chizuru, njoo na wewe usikie, acha kujificha nyuma ya shati."

Nikaja. Bi Morisue hana maneno ya kubembeleza, lakini alitueleza polepole, akimwangalia zaidi mtoto kuliko mimi. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo juani siku nzima, ile dawa ipae. Bakuli la kioo tulirudishie matunda yake, tutafute beseni pana, maana samaki anapata pumzi kwenye uso wa maji, na bakuli lina uso mdogo. Maji yasibadilishwe yote kwa pamoja, tupunguze theluthi na kuongeza mengine yaliyolala, yenye joto lilelile. Na chakula, siku za mwanzo asipewe kabisa.

"Atakufa njaa," Nazuna akasema.

"Hafi njaa upesi. Anakufa kwa shibe. Akishazoea, mpe chembe chache, anazimaliza ukiwa bado unamtazama. Zikibaki, umezidisha." Halafu akanigeukia. "Na kwa siku hizi za uchovu, chumvi kidogo kwenye maji inamsaidia. Nitawaletea. Ila nitaiacha mlangoni tu. Baba yako akiniona hapo atanidai tiketi."

Nazuna alicheka. Kicheko kifupi, lakini nilikisikia.

Hatukumwambia baba lolote, kwa kuwa angelisikia jina la Bi Morisue angelivunja beseni. Tulitafuta beseni la kufulia, tukaweka ndoo juani karibu na ua unaotutenga na Bi Morisue. Na kwa siku chache nikawa na mtoto tena. Alikuwa anamsimulia Ume habari za shule, na mimi nasikilizia nyuma ya mlango wa karatasi nikiwa na kikapu cha nguo mikononi, siendi mbele wala nyuma. Alikuwa anamweleza hata habari za baba yake. Ningewezaje kuingia?

Lakini Ume hakupata nafuu. Tulifuata kila kitu tulichoambiwa, na bado kila nikirudi kutoka kazini, kwenye jiko la vyakula vya kufungasha, namkuta amekunja mapezi, kasimama pembeni juu kabisa ya maji anahemea hewa. Maji yalikuwa safi kama ya chemchemi. Nilianza kujiuliza kama kweli Bi Morisue anajua anachosema. Ndiyo, na mimi niliingia shaka. Damu ni damu. Na kadiri Ume alivyodhoofika, ndivyo hadithi za Nazuna zilivyofupika, mpaka ikabaki "Ume, nimerudi," halafu kimya.

Jumapili moja asubuhi nikasikia baba akiniita kutoka mlangoni kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kavu kabisa.

Juu ya kizingiti palikuwa na rundo dogo la vipakiti vya karatasi nyeupe. Kila mtu wa huku anavijua. Ukienda mazishini unapewa kimoja wakati wa kuondoka, ujimwagie ile chumvi mlangoni kwako kabla ya kuingia, kifo kisikufuate ndani. Hakuna anayemletea mwenzake vitu hivyo nyumbani kwake asubuhi ya Jumapili, tena rundo.

"Nimemwona kwa macho yangu akigeuka na kuondoka," baba akasema. Alikuwa amepauka. "Anatuombea msiba. Kamuua samaki wa kwanza, anammalizia wa pili, sasa anaingia kwetu wenyewe. Nani anafuata, Chizuru? Mtoto?"

Nilifumbua mdomo nimweleze, lakini alishaniponyoka, kwa kasi usiyoidhania kwa miguu ile ya mzee. Alivisukumia vipakiti mtaroni kwa kandambili, akapita jikoni, akatoka na mfuko wetu mzima wa chumvi. Kwetu mgeni asiyetakiwa akishaondoka, unatupa chumvi mlangoni asirudi. Baba hakungoja mtu aje kwanza ndipo aondoke. Alisimama mbele ya lango la Bi Morisue akaitupa kwa viganja, kushoto na kulia, mpaka mfuko ukaisha, kisha akaukung'uta.

Bi Morisue akatoka na ufagio. Madirisha ya mtaa yakaanza kusogea taratibu.

"Mzee Isokawa, unanifukuza nyumbani kwangu?"

"Nani kaanza? Nani kaniwekea chumvi ya maiti mlangoni?"

"Hiyo ni ya samaki."

"Samaki gani anaoga chumvi ya msiba?"

"Kwa umri wangu mimi nazika watu kila nikigeuka. Droo imejaa hivyo vipakiti mpaka haifungiki. Chumvi ni chumvi. Ulitaka niviweke kabatini nivitazame?"

"Na mkono wako? Mkono wako ulikuwa unatafuta nini kwenye ndoo yangu? Unadhani sikukuona umeuchovya kupitia juu ya ua?"

"Nilikuwa napima joto lake."

"Ulikuwa unatia kitu. Lakini mimi si mtoto mdogo. Kila siku Chizuru akienda kazini na mtoto shule, nayamwaga yale maji yako yote. Najaza mapya ya bomba, masafi. Ya kwenye ndoo na ya kwenye beseni pia. Yote. Hunipati."

Bi Morisue alishusha ufagio. Nilitegemea afoke, na nadhani baba naye alitegemea hivyo, maana alikuwa amekaza shingo. Yule mama alimtazama tu, halafu akatazama nyuma yake, mlangoni kwetu.

"Hayo siyajibu mimi," akasema. "Anayekusikiliza ni huyo hapo."

Nazuna alikuwa amesimama kizingitini bila viatu.

Aliingia ndani, na tukasikia beseni likiburutwa juu ya mikeka. Tulipofika tulikuta amelisukumia kwenye kona ya chumba, na yeye kakaa mbele yake, mgongo kwa samaki na uso kwetu, magoti kayakumbatia. Baba akapiga hatua moja.

"Usije," Nazuna akamwambia.

Tangu tuhamie pale lilikuwa neno lake la kwanza kwa babu yake. Mzee alisimama na mguu mmoja mbele.

"Nazuna, babu alikuwa anamlinda."

"Babu ndiye anayemuua."

Nilimwangalia baba akigeuza macho chumbani, dirishani, kwangu, kwenye dari. Namjua. Alikuwa anatafuta mtu wa kumtupia lawama. Nilimhurumia na nilikuwa na hasira naye, vyote viwili kwa mkupuo, na sikumsaidia hata kidogo. Mwishowe akarudisha ule mguu nyuma, akainama kwa heshima kama alivyokuwa akiwainamia abiria treni ikichelewa, akatoka.

Nilimfuata mpaka kwenye lango letu. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Bi Morisue, chumvi yake mwenyewe ikilia chini ya kandambili zake.

"Bi Morisue."

"Nani?"

"Isokawa."

"Isokawa yupi?"

"Huyu wa chumvi."

Mlango ukafunguka kiasi cha uso.

"Yule samaki atapona?" baba akauliza.

"Sijui. Mkiacha kumwokoa, huenda."

"Naomba chumvi kidogo. Yetu imekwisha."

"Najua. Naikanyaga."

Lakini alimfungulia. Vipakiti vya msiba hakuvitaja tena. Alimpimia chumvi ya jikoni kwake, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita, na kwa vile ndoo yetu ilikuwa na maji mabichi ya bomba, akampa ndoo yake mwenyewe iliyokuwa imelala juani. Alimwambia akoroge mpaka iyeyuke yote, amimine kidogokidogo pembezoni, mbali na samaki. Baba alimrudishia maelekezo yale mara mbili, kama anatangaza vituo. Kisha akabeba ndoo ya mtu aliyemtuhumu kwa kila kitu, akarudi nayo, mtaa mzima ukitazama.

Nazuna alikuwa palepale. Baba alipiga magoti mbali kidogo, ndoo mbele yake, upawa ndani ya ndoo.

"Nini hicho?"

"Maji yaliyolala. Na chumvi kidogo. Katoa Bi Morisue."

Mtoto aliitazama ndoo, akamtazama babu yake.

"Onja."

Baba akanigeukia. Nikakunja nguo iliyokuwa imeshakunjwa. Akachota upawa, akanywa, na uso ukamkunjamana.

"Tena."

Akanywa tena. Akataka kuchota amimine.

"Ngoja kwanza," Nazuna akasema.

Akangoja. Mzee wa miaka sabini na kitu, mikono juu ya magoti, amekaa anasubiriwa kama atakufa. Nazuna hakupepesa. Alimkagua macho, mdomo, shingo alipomeza mate, tena hakuwa anacheza. Nilitamani kucheka kama mama, lakini kicheko hakikutoka. Baada ya muda mrefu mtoto alisogea upande mmoja, nafasi ya mkono tu.

"Polepole," akasema.

Baba alimimina upawa baada ya upawa, pembezoni, mbali na samaki.

Ume alichukua siku kadhaa. Kwanza aliacha kuhema juu, akashuka chini ya maji. Kisha pezi la mgongoni likasimama. Siku alipokula chembe zake akazimaliza tukiwa bado tunamtazama, Nazuna alitusimulia habari hiyo wakati wa chakula cha jioni, tangu mwanzo mpaka mwisho, ingawa sote tulikuwepo, na nikamwacha asimulie huku wali unapoa. Lakini kila siku ya kubadilisha maji, baba haruhusiwi kumimina mpaka aonje, kisha angoje. Na sasa maji hayana chumvi hata kidogo.

Jana alikuwa amekaa barazani baada ya kuonja, akijifuta mdomo kwa kitambaa. Nilimpelekea chai. Aliishika bila kuinywa.

"Chizuru," akasema, "anavyonitazama yule mtoto. Mimi nawatazama watu hivyo?"

Nilifikiria nimpunguzie.

"Ndiyo, baba," nikamwambia.

"Hata mama yako?"

"Hata mama."

Chai ikapoa mikononi mwake. Kisha akaniuliza kama ndoo ya kesho nimeshaiweka juani, nikamwambia bado, akainuka kwenda kuiweka mwenyewe.